Mwanangu, mwambie nesi na hili

Mafinga

Binti yangu, kamwene.

Wifi yako kanipigia. Anasema unashinda kitandani, chakula unakigusa tu, na ni zaidi ya wiki 2 hujafika hata sokoni Mwanjelwa. (Habari za ARV, dawa zako za VVU, hajui, nami sikumgusia.) Wewe kila nikipiga simu unasema ni mimba tu. Mimba naijua, mama. Inachosha, inatapisha, inakutamanisha udongo. Haimwondolei mtu hamu ya kuishi wiki hadi wiki. Hiyo ni sonona, nayo ni ugonjwa. Hujapungukiwa imani wala shukrani.

Na kwako kuna la zaidi. ARV zimefubaza virusi, lakini kinga ya mwili mara nyingi haitulii kabisa. Inaendelea kumwaga kwenye damu kemikali zilezile zinazotoka mtu akiwa na homa au kidonda. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Unakumbuka ukiwa na homa unavyokosa hamu ya kula, hutaki kusemeshwa, unataka kulala tu? Kemikali hizo zinaweza kukufanya hivyo hata bila homa. Na huzuni ikikaa sana, nayo huichochea kinga. Inflamesheni ikizidi inahusishwa pia na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, ndiyo maana sitaki usubiri mpaka ujifungue.

Ninachokihofia zaidi ni kile kidonge cha kila siku. Moyo ukivunjika, hata kufungua kopo ni kazi. Bila dawa, kati ya akina mama 100 wenye virusi, 15 hadi 45 huwaambukiza watoto wao. Wakizitumia vizuri, hawafiki 5. Sisi tuliozika sana huku Iringa miaka ya tisini hatuwezi kuichukulia hiyo kwa wepesi. Mwambie mumeo akukumbushe kila jioni, yeye anajua.

Ukienda kliniki, usijibu ya dawa na uzito halafu ukaondoka. Mwambie nesi hulali, unalia, huoni raha ya kitu. Kuna ushauri nasaha, na zipo dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumchagulia mjamzito. Likikujia wazo la kufa, usingoje kliniki: mwambie mumeo akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Jumamosi napanda basi la asubuhi, nakuja na viazi. Jumatatu kliniki tunakwenda wote. Ukitaka niingie nawe nitaingia, ukitaka ningoje nje nitangoja.

Mama yako