Amri ya testi itoeni kwenye setup.py

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme na madevelopa wenzangu wa Python. Jamani ile amri ya testi (ya kupima kodi) mliyoibandika ndani ya setup.py, faili la kuelezea na kujengea pakeji, itoeni. Najua ilikuwa tamu, unaandika python setup.py test na kila kitu kinajiendesha, hadi watu wakawa wanatengeneza klasi yao ya kurithi TestCommand ili pytest, programu ya kuendesha testi, iitwe humo humo. Ila setuptools, wenye ile maktaba ya kujengea pakeji za Python, walishaanza kuikataa tangu 2019, onyo lilikuwa linatokea kila ukiiendesha na watu wakawa wanalipita tu.

Sasa Julai 2024 toleo la 72.0.0 likaifuta kabisa, na kilichouma sio testi kugoma, ni pakeji kushindwa hata kuinstolika! Manake setup.py ni kodi ya programu kama nyingine, inasomwa kuanzia juu, ikifika pale inapoimpoti setuptools.command.test (moduli yenye ile TestCommand) na moduli haipo basi inafia hapo hapo, hata kama anayeinstoli hana habari na testi zako wala hatazigusa maisha yake yote. Na kusema wewe ulishafunga toleo la setuptools kwenye mashine yako haikusaidii, pip, kile kiinstolishi cha Python, ikijenga pakeji inafungua mazingira yake ya pembeni na kuvuta setuptools mpya, labda mwenye pakeji awe ameweka kikomo cha toleo kwenye pyproject.toml, faili la mipangilio ya pakeji (wangapi huweka?). Toleo lile likaondolewa haraka, 72.1.0 ikairudisha amri, kelele zikaisha na kila mtu akaendelea na yake.

Wapo wanaowalaumu setuptools. Sawa, wangeacha hata moduli yenye klasi tupu isingewaua, lakini onyo la miaka karibu mitano nalo ulitaka lije na tarumbeta?

Vitu vya testi viweke kwenye extras_require, yaani orodha ya pakeji za hiari, mtu anafanya pip install -e ".[test]" afu anaita pytest mwenyewe, ukitaka kupima kwenye matoleo kadhaa ya Python ipo programu ya tox. Na tests_require, ile orodha ya zamani ya vitu vya testi, ifute pia, kwenye matoleo ya zamani ya setuptools ilikuwa inashusha vitu kwa njia za easy_install, kiinstolishi cha kale, setingi zako za pip haizijui, afu inakujazia folda ya .eggs.

Na wewe ambaye pakeji ya mtu imekukwamisha, kwa dharura elekeza kigezo cha mazingira PIP_CONSTRAINT (kwenye pip mpya, kuanzia 25.3, ni PIP_BUILD_CONSTRAINT) kwenye faili lenye setuptools<72, halafu mtumie mwenyewe marekebisho, mara nyingi ni kufuta ile klasi na mstari wa cmdclass unaoisajili kwenye setup.py tu.

Msomaji wako,
Developa wa Python