Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Watoto wa Kike Walio Kimya Nao Waulizwe

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka Ujiji.

Binti yangu ana miaka minne. Ukimwita jina hageuki, lakini mvua ikianza kupiga bati anaziba masikio. Akitaka maji hanyooshi kidole. Ananivuta mkono mpaka kwenye mtungi. Anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na ole wako ukiondoa kimoja. Majirani wanamsifu: mtoto mpole, hana usumbufu. Angekuwa wa kiume, anavunja vikombe, nadhani angeshaitiwa daktari.

Sisemi ana usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia (kwa Kiingereza autism). Huenda anao, huenda ni jambo jingine, na ndiyo maana nakuandikia wewe. Kliniki amepimwa uzito, amepata chanjo na matone ya vitamini A, yote kwa wakati. Nilipouliza mbona hasemi, niliambiwa nisubiri, wengine huchelewa tu. Mhudumu mwingine akashauri tuache Kiha nyumbani, eti kinamchanganya. Bibi yake ambembeleze kwa lugha gani sasa? Kukua na lugha mbili hakuleti usonji. Chanjo nazo hazileti, na hili naomba wahudumu walitamke kwa sauti, maana uvumi ukishuka mpaka mwaloni Kibirizi kuna akina mama watakaoficha watoto.

Usonji hauonekani kwenye kipimo cha damu. Mtaalamu humwangalia mtoto akicheza, humhoji mzazi, na masikio hupimwa ili ijulikane kama anasikia. Lipo dodoso la M-CHAT-R, maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30: je, mtoto huonyesha kitu kwa kidole, hugeuka akiitwa? Halithibitishi chochote, linaonyesha tu nani apelekwe mbele. Wangu umri huo umeshampita, ila walio kwenye foleni ya mizani leo hawajachelewa.

Na wasichana msiwasahau. Daktari wa akili Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, kati ya 11 wasichana walikuwa 3. Hata sasa wasichana wengi hugundulika wakiwa wamechelewa kuliko wavulana, kwa kuwa ukimya wao huonekana ni adabu.

Ombi langu, Ndugu Mganga Mkuu, ni kwamba siku ya kliniki muuguzi aulize maswali hayo ya dodoso kama anavyosoma mizani, kwa Kiswahili au kwa Kiha. Pia wataalamu wa watoto na wa usikivu waletwe Kigoma kwa ratiba inayojulikana. Mimi nimeelekezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Nauli, malazi, na mtoto asiyevumilia kelele ndani ya behewa: nani atakwenda mara ya pili?

Tena tusingoje jina la tatizo ndipo tufundishwe. Mzazi anaweza kuelekezwa leo jinsi ya kutumia picha, maneno mafupi, na kumpa mtoto muda wa kujibu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia huduma za afya na utengamao, yaani kumsaidia mtu aweze kujimudu. Wilayani kwetu dawati lake liko wapi, na siku zipi?

Jibu likibandikwa kwenye ubao wa kituo cha afya linatosha. Tutalisoma.

Mama wa mtoto,
Ujiji, Kigoma