Barua ya wazi kwa Waziri wa Urithi wa New South Wales: Watoto wetu wasimuliwe habari za Antonio Woollier

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya majirani zangu hapa Sydney, kuhusu merikebu Dunbar.

Dunbar iliundwa Sunderland, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1853. Ilikuwa merikebu ya mwaloni na msaji, mali ya tajiri Duncan Dunbar, na ilibeba askari wakati wa vita vya Crimea. Safari yake ya pili ya Sydney ndiyo iliyoimaliza. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1857, katikati ya dhoruba, Nahodha James Green alilitafuta lango la bandari akiwa na mnara mmoja tu wa taa wa kumwongoza, Macquarie, nao uko kusini mwa lango lenyewe. Merikebu ikaligonga jabali karibu na The Gap, magenge ya baharini karibu na lango hilo. Watu 121 walikufa, wengi wao wakiwa familia za Sydney zilizokuwa zinarudi nyumbani. Mnara wa Hornby, kwenye mdomo wa bandari, uliwashwa mwaka uliofuata. Inauma kwamba ulingoja maiti.

Alipona mmoja, baharia James Johnson. Wimbi lilimtupa kwenye ubavu wa genge, akapanda mpaka juu ya mwamba mwembamba, akabaki hapo, maji yakinguruma chini yake, hadi asubuhi ya tarehe 22. Alipoonekana, aliyekubali kushushwa kwa kamba kumfuata alikuwa kijana mgeni kutoka Iceland, Antonio Woollier. Hakuwa na ndugu ndani ya merikebu ile. Alishuka, na Johnson akavutwa juu akiwa hai.

Wema huo haukuishia pale. Mwaka 1866 meli ya moshi Cawarra ilipozama Newcastle, bandari iliyo kaskazini mwa Sydney, alinusurika mtu mmoja tu, na Johnson alikuwa miongoni mwa waliomwokoa.

Mheshimiwa, kuna watoto waliofika mji huu juzi juzi kutoka Kongo na Burundi. Wanahitaji kujua kwamba mgeni amewahi kuheshimika hapa kwa ujasiri wake. Naomba kila tarehe 20 Agosti shule ziwapeleke The Gap, penye nanga ya Dunbar, kisha kwenye kaburi la waliokufa na Dunbar kule Newtown, mtaa wa Sydney, na wasimulizi wawepo wa lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Gharama ni basi na mkalimani. Wazee wetu wako tayari kusaidia kutafsiri. Tunangoja tu kibali chako.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Sydney