Mama mdogo, kitovu kisikudanganye

Shikamoo mama mdogo.

Jumapili uliponiambia kwenye simu, "Mimi niko salama mwanangu, kitovu nakiangalia kila nikioga, hakina kitu," nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kukutisha, nikashindwa, tukaishia kuongelea bei ya ndizi pale Mbuyuni. Usiku ule sikulala. Nakuandikia hadharani, jina lako nimelificha na la marehemu pia, kwa sababu tangu saratani imchukue mama, dada yako, si wewe peke yako unayejikagua kitovu. Wake za wajomba wanajikagua. Majirani zangu hapa Sakina wananisimamisha njiani kuniuliza. Na aliyewapa nusu ya habari ni mimi. Siku ya kumaliza matanga nilisimama mbele ya ukoo nikasema mkiona kinyama kwenye kitovu wahini hospitali. Nilichosema ni kweli, ila sikumaliza.

Ngoja nianze na kile kinyama chenyewe, maana wewe ulikiona kikiwa kimeshachimbika. Mama alikigundua Krismasi, alipokuwa anafunga kitenge akasema fundo linamuuma. Kilikuwa kama punje ya harage, kigumu, chekundu kinachoelekea zambarau, kimeshika pale pale hakisogei. Sote tukasema ngiri. Kwenye zahanati moja wakasema jipu, wakampa vidonge vya siku saba. Aliporudi wakakipasua. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu, na kidonda hakikufunga tena. Mara ya tatu wakambadilishia vidonge. Mwezi na nusu ukapita hivyo, hakuna aliyemlaza kitandani akamshika tumbo.

Aliyemlaza ni daktari mmoja kijana, mahali pengine kabisa, mwezi wa pili. Alimwambia akohoe huku amekiwekea kidole. Ngiri ya kitovu hutuna mtu akikohoa, na mara nyingi ukiibonyeza amelala chali inarudi ndani. Hiki hakikutuna wala hakikurudi. Kisha akaweka mikono yote miwili tumboni, akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza, hata mimi mzaliwa wake wa kwanza: "Mama, hili tumbo limeanza kujaa lini?" Mama akajibu bila kufikiri: "Tangu kabla ya Pasaka."

Hesabu mwenyewe mama mdogo. Kutoka Pasaka hadi Krismasi ni zaidi ya miezi minane. Tumbo lilikuwa limesema miezi minane kabla kitovu hakijasema neno. Walivuta chembe kwa sindano kutoka kwenye kile kinyama, maabara ikasema ni saratani. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mji wa mimba, na maji yamejaa tumboni. Mwezi wa saba tukamzika.

Unajua kwa nini kitovu? Nilimuuliza yule daktari, akanieleza vizuri mpaka nikaona picha. Ukanda wa kitovu chako na cha mama ulizikwa mgombani kwa bibi, lakini huo ni upande wa nje tu. Ndani ya tumbo, mishipa iliyokuwa inapita humo tulipokuwa mimba hubaki kama kamba: moja inapanda kwenye ini, nyingine zinashuka kuelekea kibofu cha mkojo na nyonga. Tena pale kitovuni hakuna nyama nene kama sehemu nyingine za tumbo. Ngozi imekaribiana kabisa na utando unaofunika matumbo. Saratani ikishatapakaa kwenye utando ule, au ikipita kwenye mishipa na zile kamba, kitovu kinakuwa mlango mwembamba wa kutokea. Kwa wanawake mara nyingi imetoka kwenye ovari, kwa wanaume tumboni penyewe panapokaa chakula. Inaweza pia kutoka utumbo mpana, kongosho au mji wa mimba. Na wapo wagonjwa ambao hata wakipimwa vyote, chanzo hakionekani.

Wewe uliye WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, utapenda kujua kuwa aliyeitambua dalili hii alikuwa sista. Sista Mary Joseph Dempsey, Mfransisko wa mji wa Rochester, jimbo la Minnesota kule Marekani. Alisomea ualimu, akatumwa hospitali ya St. Mary's ambayo shirika lake lilikuwa limeifungua mwaka 1889, na kuanzia 1890 hadi 1915 alikuwa msaidizi wa kwanza wa daktari William Mayo kwenye chumba cha upasuaji. Kazi yake mojawapo ilikuwa kumsafisha mgonjwa ngozi ya tumbo kabla ya kisu. Mikono yake ndiyo iliyogundua: mgonjwa mwenye kinundu kigumu kitovuni, akifunguliwa anakutwa na saratani iliyokwisha kusambaa. Mayo aliandika habari hiyo mwaka 1928. Sista alifariki 1939, na mwaka 1949 daktari Mwingereza, Hamilton Bailey, akakiita kinundu hicho kwa jina la Sista Joseph katika kitabu chake cha dalili za mwili. Hadi leo madaktari duniani kote wanakiita hivyo. Nampenda sana sista huyu. Hakuwa na mashine yoyote, alikuwa na kitambaa, maji na macho.

Lakini angalia alichokiona. Aliona saratani iliyokwisha kusambaa. Hapo ndipo nilipowapoteza siku ya matanga. Kati ya watu 100 wenye saratani za ndani ya tumbo na nyonga, wanaotokewa na kinundu kile ni kama 1 hadi 3. Wale wengine wote vitovu vyao ni safi kama chako. Ukikaa unasubiri kitovu, mama mdogo, huenda unasubiri kitu ambacho hakitakuja kabisa, na kikija kitakuwa kimechelewa.

Sasa nikurudishie maneno yako mwenyewe, maana umeniambia kidogo kidogo huku unacheka, nami nimeyaunganisha. Sketi ya sare ya WAWATA umeiongezea pini kwa sababu kifungo hakifiki, na huku mikono na uso vinapungua. Mtori unakula nusu bakuli unashiba, wewe ambaye tulikuwa tunakuwekea bakuli la pili bila kuuliza. Usiku unaamka mara nne kwenda haja ndogo ukasema ni uzee. Kiuno na tumbo la chini vinavuta. Imefika miezi mitatu sasa, karibu kila siku. Unaita gesi, na pale duka la dawa wameshakuzoea, omeprazo, vile vidonge vya kupunguza asidi tumboni, na ile dawa nyeupe ya kutafuna unapewa kabla hujafungua mdomo.

Huenda kweli ni gesi. Nasema hivi kwa dhati, sikuhukumu ugonjwa. Lakini tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya tumbo la chini na kukojoa mara kwa mara, vikiwa vimeanza upya kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 na vinarudi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hivyo ndivyo ovari inavyolalamika. Inalalamika kwa sauti ya mtu mwenye gesi. Mama naye alikunywa omeprazo, paketi tupu nilizikuta kwenye droo baada ya mazishi.

Utaniambia ulishapimwa. Najua, ulipimwa parokiani wale wauguzi walipokuja, ukaambiwa uko vizuri, na nilifurahi. Kile kilikuwa kipimo cha mlango wa kizazi. Wanapaka siki, wanaangalia mlango peke yake, hawaoni ovari, ni sawa na kukagua geti ukasema umeona jikoni. Hadi leo ovari hazina kipimo cha namna ile cha kuwapitia wanawake wote wazima, ndiyo maana dalili zina uzito mkubwa hivi.

Na kuna jambo nilikuwa sitaki kuliandika. Wewe na mama mlinyonya ziwa moja. Mwanamke ambaye mama yake, dada yake au binti yake alipata saratani ya ovari, hatari yake yeye ni kubwa kuliko ya mwanamke mwingine. Si laana ya ukoo, na wale waliosema kwenye msiba kuwa kuna mtu katupiwa kitu, naomba usiwasikilize. Kuna mabadiliko kwenye vinasaba ambayo familia nyingine zinarithishana, kwa upande wa baba au wa mama. Hata mimi limenigusa, nimeshaongea na daktari wangu.

Unaogopa kusikia jina la ugonjwa, naelewa. Ila fikiria na upande huu: tumbo linalojaa maji linaweza kuwa kifua kikuu cha tumboni. Hicho kinafanana na saratani ya ovari mpaka kinawachanganya madaktari, na kinapona kwa vidonge vya miezi sita ambavyo serikali inatoa bure. Linaweza kuwa ini. Unaweza kuwa uvimbe usio saratani unaotolewa na maisha yakaendelea. Kote huko, anayekaa nyumbani na omeprazo hajui anatibu nini. Na kama ni saratani, ikikutwa bado iko kwenye ovari tu upasuaji unaweza kuiondoa. Hata mama alipochelewa vile, daktari alituambia saratani zinazotoka kwenye ovari huitikia dawa za dripu kuliko nyingi zinazofika kitovuni. Kilichotushinda ni muda.

Na ule usemi wa shangazi kwamba sindano ndiyo iliyoichokoza ikasambaa, hapana. Ilikuwa imesambaa ndiyo maana ikafika kitovuni. Daktari anachagua wapi pa kuchukua kinyama na wapi pa kutogusa, mwachie yeye.

Kabla sijasahau, kwa akina mama mnaonisimamisha njiani na watoto mgongoni: kitovu cha mtoto mchanga kinachotuna akilia ni ngiri ya utotoni, si habari hii. Nyingi zinajifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka minne au mitano. Msimfunge sarafu, inamchubua ngozi. Ila uvimbe wa ngiri ukiwa mgumu ghafla, unauma na anatapika, awe mtoto au mzee, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na dada mwenye kitovu kinachovimba na kutoa damu kila akiwa kwenye siku zake, huenda ni endometriosi, yaani utando wa ndani ya mji wa mimba umeota nje yake, inatibika, lakini nayo ionwe. Mtu mzima mwenye kinundu kigumu kisichorudi ndani asikubali kuitwa jipu mara ya pili bila kupimwa.

Mama mdogo, nimeshapanga. Alhamisi nachukua Coaster ya kwanza kutoka Arusha, saa mbili na nusu asubuhi niko stendi ya Moshi. Tutaonana pale, mwanao wa Kibosho atakuleta na bodaboda taratibu. Nimeshakuombea nafasi ya kuonwa. Daktari atakuandikia ultrasaundi ya nyonga, na kipimo cha damu kinachoitwa CA-125. Hicho cha damu kinaweza kupanda hata kwa kifua kikuu au uvimbe wa kawaida wa kizazi, kwa hiyo kikipanda usizimie, kitasomwa pamoja na picha. Wakitaka kutupeleka mbele, hospitali ya rufaa ya KCMC wana kituo cha saratani hapo hapo Moshi, hatutaanza na safari ya Dar. Fedha usiwaze, sisi watoto tumeshachanga. Njoo na kadi ya bima na yale makaratasi ya parokiani.

Daktari akikuuliza una nini, usiseme gesi. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: sketi, mtori, kuamka usiku mara nne, tangu lini. Na mwambie dada yako alikufa kwa nini. Ukishindwa kulitamka nitalitamka mimi.

Kitu cha mwisho. Ile picha ya nyonga inataka kibofu kilichojaa ndipo ovari zionekane vizuri. Tukishafika hospitali nitakupa maji lita moja unywe taratibu, na usiende chooni mpaka wakuite. Najua itakutesa na hilo tatizo lako la kukojoa, kwa hiyo vaa gauni lililolegea, siyo ile sketi ya pini. Nitakaa na wewe kwenye benchi.

Mwanao,
wa Sakina