Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya: Mzimu Usisingiziwe Kingo Zilizong'oka

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: USALAMA WA DARAJA LA KIJIJINI KWETU NA WAGENI WANAOKUJA USIKU KUTAFUTA MZIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfuga nyuki katika kijiji kimojawapo cha wilaya yako, hapa mkoani Tabora. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kuwa la hadharani: kila mwisho wa juma vijana wa mjini hupakizana kwenye bodaboda, watatu watatu, wakaja usiku kumtafuta mama anayesemekana kutembea juu ya daraja letu akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Hadithi hiyo tumeikuta kwa wazazi wetu. Husimuliwa kwamba zamani watu walivuka kwa gogo, na mama mmoja aliyekuwa akiwahi mazishi ng'ambo hakutaka kusubiri maji yapungue; mto ukamchukua pamoja na mwanawe, na tangu siku hiyo mtoto husikika akilia. Kilio hicho nami nimekisikia mara nyingi ninapokwenda kukagua mizinga kabla hakujapambazuka. Ni sauti ya komba, mnyama wa usiku anayeishi juu ya miti, ambaye hulia kama mtoto mchanga kiasi kwamba hata anayemjua husimama kidogo. Hata hivyo, siidharau hadithi hii. Mto wetu kiangazi hukauka hadi tukachimba visima mchangani, lakini mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea hufurika kwa saa chache na kupeleka maji Ugalla, nayo Ugalla huyapeleka Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Bibi yangu alitukataza kuusogelea kwa kututajia mama yule, na hatukuthubutu.

Kinachoniuma ni kwamba mzimu sasa umekuwa kisingizio. Upande wa kushoto, ukitokea kijijini, kingo za chuma zimeng'oka kwa urefu wa hatua kumi na moja, ambazo nimezipima kwa miguu yangu. Zimebaki nondo mbili zilizopinda, na msamaria mwema amefunga kitambaa chekundu kwenye mojawapo. Machi iliyopita mpwa wangu alipita hapo jioni, mvua ikinyesha, akiwa na madumu mawili ya asali kwenye keria ya baiskeli. Gurudumu likateleza, akaangukia mawe ya chini na kuvunjika paja. Tulipoulizwa kilichompata, jirani yetu mmoja alijibu kwamba ni mzimu wa darajani, na wote tukanyamaza. Kwa kuwa aliyemsukuma alikuwa mzimu, hakuna aliyekwenda kuandikisha kwamba daraja halina kingo. Mimi pia sikwenda, na ninalijutia sana hilo.

Wageni nao wameambiwa kwamba mama yule hatokei penye mwanga. Kwa hiyo huzima taa za pikipiki, kisha hutembea gizani kuelekea palepale penye pengo. Mwezi uliopita nilimshika mkono binti mmoja zikiwa zimebaki hatua mbili.

Mheshimiwa, sikuombi uwapige marufuku, maana wataendelea kuja kwa kujificha. Ninakuomba uwatume wataalamu wa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, walikague daraja kabla mvua za Novemba hazijaanza, kingo zirudishwe, na kwa sasa pawekwe vizuizi vyenye rangi ya kuakisi mwanga. Ninakuomba pia uagize wageni wapitie kwanza ofisi ya kijiji, wasindikizwe na mgambo mwenye tochi, wakasimuliwe hadithi na wazee wetu wakiwa wameketi salama ukingoni mwa mto. La tatu, na kwangu ndilo zito zaidi, mtendaji wa kijiji aandike kila anayeanguka pale, hata kama ndugu zake watasema amesukumwa na mzimu. Mawe na mchanga tutasomba wenyewe. Nguvu kazi ipo.

Mpwa wangu ameanza kutembea kwa magongo. Shamba lake liko ng'ambo, na njia ya kufika huko ni daraja hilohilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfuga nyuki, Tabora