Kabla ya kumlipa dalali wa kazi ya Japani

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, mama mmoja wa Katuba aliuliza kama inafaa kumlipa komisionere, yaani dalali, dola 500 ili mwanawe, aliyemaliza lisansi (shahada ya chuo kikuu) ya Kiingereza hapa Lubumbashi, apelekwe Japani kufundisha Kiingereza katika shule za serikali. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mitatu, na kwa kuwa sijaona aliyemjibu, naomba nafasi nimweleze ninayoyajua, nikianza na lile ambalo madalali hawalitaji.

Viza ya kufundisha katika shule za Japani inamtaka mgeni anayekwenda kufundisha lugha awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka isiyopungua 12. Haitoshi kuwa ameisoma lugha yenyewe. Hesabu, jiografia na mengineyo awe ameyapata kwa lugha hiyo. Kwa hiyo kijana aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza hadi diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, hata lisansi yake ya Kiingereza iwe na alama za kupendeza namna gani, anakwama hapo. Mimi nilipita kwa bahati tu, wala si kwa akili: marehemu baba alikuwa akifanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, tukalelewa Kitwe, na gredi za shule Zambia zilikuwa 12, nami nilizisoma zote kwa Kiingereza. Hesabu ilitimia bila kubaki hata mwaka mmoja wa akiba. Shule za binafsi za mazungumzo, ambazo wanafunzi wake wengi huja jioni, zina viza ya aina nyingine na masharti mengine, lakini mama huyu ameahidiwa shule za serikali.

Hata kwa anayetimiza sharti hilo, dalali wa mjini hana cha kuuza. Mwajiri aliye Japani ndiye anayeomba hati ya kustahili katika idara ya uhamiaji ya huko, na hati hiyo ndiyo mwombaji anayoipeleka ubalozini ili apewe viza. Serikali ya Japani yenyewe ina mpango unaoitwa JET, ulioanza mwaka 1987, unaowachukua raia wa nchi zinazoshiriki wenye shahada ya chuo kikuu ya fani yoyote. Maombi hupitia ubalozi, hayalipiwi ada, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, usiozidi miaka mitano. Ubalozi wa Japani uko Kinshasa. Swali huulizwa huko bure.

Mimi sikupita JET. Niliajiriwa na kampuni ya binafsi, ya zile zinazopeleka wasaidizi katika shule za manispaa, na ndipo nilipojifunza kusoma mkataba hadi maandishi madogo ya mwisho. Nilifika mwishoni mwa Machi, kwa kuwa mwaka wa shule huko huanza Aprili, na mshahara wangu wa kwanza nikauona mwisho wa Mei. Miezi miwili hiyo nilikula akiba yangu, baada ya kulipia nyumba amana, ada ya mdhamini, na ile inayoitwa "reikin", fedha ya shukrani anayopewa mwenye nyumba na isiyorudi kamwe. Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kampuni ilinilipa chini ya nusu. Nilipolalamika nilionyeshwa kifungu cha mkataba, na sahihi chini yake ilikuwa yangu.

Jambo jingine ni jina la kazi. Komisionere, kwa maelezo ya mama, anasema kijana atakuwa "profesa". Hapana. Ni msaidizi. Mwenye somo ni mwalimu wa Kijapani. Yeye ndiye anayetunga mtihani na kutoa alama, naye mgeni huingia darasani kama sauti na kama mtu wa kuzungumza naye. Wiki zangu za kwanza nilisimama kando ya ubao nikisubiri kuambiwa "soma". Ninasoma sentensi moja, watoto thelathini na tano wanairudia, ninasoma nyingine. Nikajiona nimekuwa redio, na moyoni nilikasirika, maana Kitwe nilikuwa nimefundisha darasa zima peke yangu. Ilinichukua karibu muhula mzima kutambua kwamba mwalimu yule hakuwa akinidharau. Alikuwa na kitabu cha kumaliza, mtihani wa kuingia sekondari ya juu ukiwasubiri watoto wake, na dakika 50 tu za kipindi. Nilipoanza kumfuata mezani kwake jioni na kumuuliza sura ya kesho inataka nini, akaanza kuniachia dakika kumi, kisha ishirini.

Siku ya kwanza yenyewe niliharibu kwa viatu. Nilikuwa nimeving'arisha viatu vya ngozi kama mtu anayekwenda kumwona prefe, mkuu wa shule, kumbe mlangoni kila mtu anavua vya nje na kuvaa vyake vya ndani. Mimi sikuwa navyo. Nikapewa ndara za wageni, visigino vyangu vikabaki nje vyote viwili, na nikiwa hivyo nikapandishwa jukwaani katika ukumbi wa michezo kujitambulisha mbele ya shule nzima, nikiburuza miguu nisije nikaacha ndara moja njiani. Mwenye mguu mkubwa na anunue viatu vyepesi hapa hapa sokoni kabla ya kusafiri. Huko hupimwa kwa sentimita, na dukani nilikotumwa vya sentimita 29 havikuwapo.

Darasa nalo linanyamaza. Aliyezoea wanafunzi wetu, ambao wakiulizwa hunyoosha mikono sitini na kupiga vidole, atadhani amechukiwa. Mtoto wa Kijapani akiulizwa humgeukia jirani kwanza, wakanong'onezana, ndipo atoe neno moja. Kilichonisaidia ni kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani, nilichokwenda nacho kutoka kwetu. Nilikipitisha mkono kwa mkono, kila aliyekishika aulize swali moja kwa Kiingereza, na safu ya kwanza haijaisha msichana mmoja akauliza kama jiwe hilo linaliwa. Darasa likacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo nikawa na kazi. Mchana nilikula nao darasani chakula wanachogawiana wenyewe wakiwa na aproni nyeupe, kisha tukashika matambara kusugua sakafu, walimu na wanafunzi pamoja: salongo, usafi wa pamoja kama wetu, ila yao ni ya karibu kila siku na hakuna anayetoroka.

Kwa hiyo namwomba mama wa Katuba amuulize komisionere jina la mwajiri aliye Japani na tarehe atakayoomba hati ya kustahili, kisha amuulize kijana alisoma kwa lugha gani kuanzia darasa la kwanza. Jibu la kijana, mama analijua tayari. Kama anautaka sana ualimu wa Kiingereza, shule za hapa zinamhitaji, na huku atakuwa mwenye somo tangu siku ya kwanza.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi