Bega lililoganda halivutwi kwa nguvu

Mhariri,

Makala za afya magazetini hutoa mazoezi ya bega kana kwamba maumivu yote ya bega yana chanzo kimoja. Wanaoumizwa zaidi na ushauri huo ni wenye bega lililoganda, yaani ambalo utando wa kiungo chake umevimba na kukakamaa. Wengi wao wana umri wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari hupatwa zaidi kuliko watu wengine.

Kulitambua si kazi. Mgonjwa asimame, abane viwiko mbavuni, avikunje kama aliyebeba sinia, kisha afungue mikono kwenda nje. Mkono mzima hufunguka vizuri. Mkono wenye bega lililoganda hukwama njiani. Sasa mtu mwingine ausukume taratibu. Ukikataa hata kwa msaada, shaka ya kwanza ni utando wa kiungo uliokakamaa. Ukienda kwa msaada lakini mwenyewe hawezi, shaka huhamia kwenye kano, nyuzi zinazounga misuli na mfupa. Aliyepata degedege, kupigwa na umeme au kuanguka apigwe eksirei kwanza, maana bega lililoteguka kwenda nyuma nalo hukwama vivyo hivyo.

Miezi ya mwanzo maumivu ni makali, hasa usiku. Huo ndio wakati ambao watu hulazwa chini na kuvutwa mkono mpaka wapige kelele, jambo linalouchokoza zaidi utando uliokwisha kuvimba. Wengine hufunga mkono shingoni wiki nzima, nalo bega huzidi kukaza. Zoezi la kufaa ni la fimbo. Alale chali, kanga iliyokunjwa iwe chini ya kiwiko, ashike mpini wa fagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima uusukume ule unaouma kwenda nje hadi pakaze, ahesabu 10, arudishe. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kosa la kawaida ni kiwiko kuachana na mbavu: mkono unaonekana umekwenda mbali, kumbe bega halikusogea. Maumivu yakiendelea saa nzima baada ya zoezi, au yakimwamsha usiku, apunguze umbali badala ya kuacha kabisa. Kuvuta kwa bidii kusubiri maumivu ya usiku yapoe.

Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiungo hupunguza maumivu mapema na kurahisisha mazoezi. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo aipime mara nyingi zaidi na amwulize daktari kuhusu dawa zake kabla ya kuchomwa. Hata hivyo, bega kulegea kabisa huweza kuchukua mwaka hadi miaka 3. Anayeahidi wiki 2 anauza kitu.

Ombi letu ni kwa kliniki za kisukari: miguu ya mgonjwa inapokaguliwa, afanyiwe na kipimo hiki cha viwiko. Hakimalizi dakika. Nanyi mkichapisha picha ya zoezi, andikeni ni la bega la aina gani, na lini mtu apunguze.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Morogoro